Kwenye Kazi Msiandike Hana

Ndugu, jamaa, majirani, na nyie mlio nyuma mnaogombania kivuli, sogeeni, maana marehemu hakupenda kurudia jambo mara mbili.

Mdogo wetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa sita wa fundi viatu, alitanguliza miguu, mkunga akasema huyu hatatulia, na kweli hakutulia. Alisoma mpaka darasa la nne, mwaka 1969 akaachishwa akalee wadogo zake, na hiyo nayo hakuna aliyeiita kazi.

Tarehe 2 Agosti 1977 aliolewa na seremala, shemeji yetu huyu hapa, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1991 alipompeleka kitinda mimba kliniki akakuta muuguzi mmoja na akina mama sitini, basi akampakatisha jirani mtoto, akashika mizani, hakuiachia miaka thelathini na mbili. Kichanga akimbeba tu alijua kama kapungua, na mama asiyerudi alimfuata mpaka mlangoni kwake. Shemeji aliuliza huko anapewa nini, akajibiwa kwamba yeye anayelipwa, mbona kabati la nyumbani halina mlango.

Figo zilimuanza Februari 2023, akalazwa tarehe 11 Aprili, akafariki tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi.

Juzi dada yake mkubwa, huyu anayewasomea, alifuata kibali cha mazishi, karani akajaza, kazi: hana. Dada mtu akairudisha karatasi dirishani, akagoma kuondoka, foleni ikanung'unika weee, karani akauliza kwa kejeli marehemu alilipwa kiasi gani, akaambiwa apige simu kliniki. Mganga mkuu akamweleza kwamba tangu mama yule augue wameajiri watu watatu, na akina mama bado wamejipanga mpaka barabarani. Karani akalikata lile hana, akaandika upya, na karatasi hiyo inapita mikononi mwenu, isomeni wenyewe, kazi: mpima watoto. Anayebisha aje mbele.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliofua mashuka yake bila kuombwa, pamoja na wafanyakazi wenzake wa kliniki, ndiyo, wafanyakazi wenzake, mmesikia vizuri.

Pumzika kwa amani, mdogo wetu, likizo yako ya kwanza hii.