Eduviges Barragán na Viti Vitupu vya Baraza

Padre, ndugu, majirani, na ninyi mlioacha zamu ya asubuhi kiwandani ili mfike hapa, familia za Barragán na Zepeda zinawashukuru, na zinaomba masikio yenu kwa muda, ingawa marehemu mwenyewe hakupenda hotuba inayozidi dakika tatu, na leo tutamkosea kidogo.

Eduviges Barragán Ochoa alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1957 katika kijiji cha La Higuerita, jimbo la Michoacán, Meksiko, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Crescencio Barragán na mama Amparo Ochoa, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo kama ilivyo desturi, jina alilolilalamikia maisha yake yote, akisema kwamba angewahi siku moja tu angeitwa Teresa na kila karani angeweza kumwandika. Alipokuwa na miaka minane, mdogo wake Hilario, mtoto wa miezi saba, alishikwa na homa ya mapafu mpaka seremala akaitwa kupima urefu wake, ndipo mama Amparo alipoweka nadhiri kwa Bikira wa Guadalupe, kwamba mtoto akipona, binti yake mkubwa ataivisha sanamu ya Bikira joho lake kila tarehe 12 Desemba, sikukuu ya Bikira huyo, mpaka mwisho wa uhai wake. Mtoto alipona, na nadhiri ikamwangukia Eduviges, ambaye hakuulizwa.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akawa wa kwanza darasani miaka minne mfululizo, lakini sekondari ilikuwa mjini Zamora, na mzee Crescencio aliona kwamba mjini watakwenda wavulana, jambo ambalo wavulana wenyewe, Hilario akiwa mmojawapo, hawakulitendea haki. Kiingereza alijifundisha hapa Bodwell, kwa vitabu vya darasa la kwanza vya mwanawe, na alikitamka kwa namna yake, ila hakuna mjumbe wa baraza la kaunti aliyewahi kudai kuwa hakumwelewa.

Tarehe 9 Mei 1981 alifunga ndoa na Leandro Zepeda katika parokia ya La Higuerita, Mungu akawajalia watoto watatu, Maricela, Efrén na Noelia, na mwezi Septemba 1989 familia nzima ilihamia hapa Bodwell, Nebraska, Marekani, wakiwa na sanduku moja la nguo na jingine la sanamu ya Bikira, maana nadhiri haikuwa na mpaka. Mwaka 1990 mume na mke walianza kazi katika kiwanda cha nyama, wote wawili wakishika kisu, yeye kwa miaka tisa, Leandro mpaka mwisho wake.

Ni pale kiwandani alipoona watu wazima wakiingia chooni kulia kwa sababu ya fomu, mama akishindwa kuandikisha mtoto shule, baba akitia sahihi karatasi asiyoijua, akajifunga kibwebwe, akaanza kuhudhuria vikao vya baraza la kaunti kila Jumatatu, na akagundua jambo ambalo wengi wetu hatukulijua, kwamba wale mabwana hawasomi barua, wanahesabu vichwa. Tarehe 8 Februari 1999 alivijaza viti vyote sitini vya ukumbi ule, mabibi na nyuzi zao za kufuma, wanaume na mabuti ya kiwandani, watoto wakila maandazi, kila aliyetaka kusema akipewa dakika zake tatu, na mwenyekiti aliyezoea kumaliza mapema alikwenda nyumbani giza likiwa limeingia. Tarehe 6 Septemba mwaka huo ofisi ya wakazi wanaosema Kihispania ilifunguliwa, chumba kimoja na meza mbili, naye akawa mtumishi wake wa kwanza, akitafuta chanjo, makoti ya baridi na wanasheria, na zaidi ya yote akisimamia wakalimani waliokwenda na wagonjwa kituo cha afya cha kaunti. Wengi mliopo hapa mnaikumbuka sauti yake mlangoni, “Kaa hapo, mwanangu, toa karatasi zote, na ile unayoiogopa weka juu.”

Sasa familia inafika mahali ambapo ingependa kuparuka, lakini marehemu hakuruhusu mtu kuruka kisanduku chochote kwenye fomu.

Mwezi Novemba 2016 ilikuja barua kwamba baraza litapiga kura kuamua kama ofisi ile iendelee, na kikao kitakuwa Jumatatu tarehe 12 Desemba. Eduviges aliomba tarehe ibadilishwe, akajibiwa kwamba haiwezekani, akaja kwa Hilario, ambaye naye alishahamia hapa, na mwaka huo alikuwa mkuu wa sherehe ya Bikira na alikuwa ameshapanga wapiga tarumbeta, wachezaji na sufuria kumi na mbili za tamale za unga wa mahindi, akamwomba maandamano ya sanamu yaanze jioni ili watu waende kwanza barazani. Hilario alimjibu mbele ya wageni, akicheka, “Dada, ofisi wanaweza kuisogeza, Bikira hasogezwi, na wewe unajua ni pumzi ya nani unayoilipia.” Eduviges, yeye ambaye ulimi wake haukuwa na breki, siku ile aliivisha sanamu joho, akatembea nyuma yake barabara nzima, na mji wetu wote ukatembea pamoja naye. Kule barazani viti sitini vilikuwa vitupu. Mwenyekiti aliuliza kama yupo wa kuisemea ofisi, akasubiri, wakapiga kura, watano kwa wawili, na tarehe 1 Januari 2017 mlango ukafungwa na wakalimani wakaondolewa.

Eduviges alihamishia meza yake kwenye duka la kufulia nguo la mtaa wa tatu, akajaza fomu katikati ya mashine zinazozunguka. Hapo ndipo alipokuwa tarehe 20 Februari 2018, Leandro alipokwenda peke yake kituo cha afya, akaeleza kwa Kihispania kwamba kifua kimembana tangu alfajiri, kama alivyosimulia baadaye mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, na kwa kuwa hakuna aliyemwelewa akaonyesha mkono wa kushoto, na kwa kuwa mkono ule ulikuwa wa mkata nyama wa miaka ishirini na nane, akapewa dawa ya kuchua. Alimwambia mkewe kwamba daktari amesikia yote. Alifariki tarehe 22, akivaa viatu.

Tangu siku hiyo Hilario alisubiri dada yake amtamkie neno la lawama. Alikuja kila Jumapili kunywa kahawa, akakaa kiti kile kile cha jikoni, akazungumzia mvua na mabinti wa watu, na Eduviges akamwongezea sukari, na kila Desemba akaivisha sanamu joho kama kawaida. Majuto yapo, ndugu zangu, na hayapungui kwa kahawa.

Mwezi Aprili 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Mwezi Agosti baraza jipya lilikubali kusikiliza upya suala la wakalimani, na marehemu aliandika barua za mwisho akiwa kitandani, bintiye Noelia akimshikia ubao. Jumapili ya tarehe 8 Oktoba, Hilario alipiga moyo konde, akamwomba msamaha kwa ajili ya siku ile. Eduviges akasema, “Wewe bwana, kwa kutokwenda barazani sikumlaumu mtu, nilikuwa na miguu yangu. Ninachokulaumu ni kimoja, umeninywea kahawa miaka yote hii, hujawahi kuniuliza kikao kingine ni lini.” Akamwambia tarehe. Jumanne tarehe 10 Oktoba, saa kumi na moja jioni, alifariki akiwa na watoto wake wote, zikiwa zimebaki siku sita atimize miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliopika na kulala nasi, wenzake wa kiwandani na wa ofisini, na mwenye duka la kufulia aliyempa kona bila kumdai chochote.

Rozari za siku tisa zinaanza leo jioni nyumbani kwake. Ile ya siku ya tatu, Jumatatu tarehe 16, haitasaliwa nyumbani, itasaliwa saa mbili asubuhi kwenye ngazi za jengo la kaunti, kwa sababu saa tatu kikao kinaanza, viti bado ni sitini, na msemaji wa kwanza aliyejiandikisha kwa dakika tatu ni Hilario Barragán, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii.

Pumzika, dada, amani iwe kwako. Hii pumzi uliyoilipia, Jumatatu itakusemea.