Sauti ya Haroub Dirishani kwa Bi Mwatima

Hebu sema kweli wewe, umepata kukutana na mtu aliyezimaliza? Tamthilia, ndizo zinazozungumzwa. Za Kituruki, za Kihindi, za Kifilipino, za Kikorea. Hii haijesha ile ishaanza, na ukilala ukaamka unakuta zimezaana. Kwenye baraza ya Bi Mwatima, uchochoroni nyuma ya mtaa wa Mlandege, swali hilo lilikuwa likizunguka pamoja na vikombe vya kahawa. Na ijulikane mapema: wanaume wa baraza ile hawaangalii tamthilia. Muulize yeyote atakuapia. Wao hukaa tu baada ya alasiri, migongo ukutani, chini ya dirisha la Bi Mwatima. Dirisha liko wazi, na tivii ya Bi Mwatima inasikika mpaka njia kuu. Kusikia si kuangalia. Pembeni kabisa alikaa Haroub, ambaye mtaa ulimbandika jina la Digrii tangu arudi chuoni na shahada ya mawasiliano, halafu asipate hata mtu wa kuwasiliana naye.

Simai ndiye aliyeanza. Ni fundi makochi, na wanamwita Rimoti kwa kuwa ndiye anayempigia Bi Mwatima kelele abadilishe chaneli.

– Mimi kuna kitu sikielewi. Yule tajiri mwenye meli, si alipigwa risasi Istanbul?

– Alipigwa, akajibu Yussuf, mwenye birika la kahawa. Ya mguu.

– Sasa mbona leo yuko Manila anauza samaki, na ana mke mwengine?

– Kapelekwa kutibiwa, akasema Mzee Abdulrazak, mstaafu wa forodha ambaye mpaka leo hamuamini mtu yeyote mwenye mzigo. Matajiri hawatibiwi kwao.

– Na jana, Mzee? Jana alikuwa India, anacheza ngoma harusini! Kwa mguu upi?

Haroub alijaribu kunyamaza. Alimeza kahawa, akameza na maneno, lakini maneno yakapanda.

– Jamani, are you serious? Hizo ni tamthilia tatu! Bi Mwatima anabadilisha chaneli, nyinyi mnaunga. Muda wote huu mnafuata hadithi moja?

Simai alikunja uso kama mtu aliyeuziwa kiatu kimoja.

– Lakini sauti ni moja, Digrii! Mturuki, Mfilipino, Mhindi, wote wanasema kwa mdomo wa mtu mmoja.

– Kwa sababu wanaotia sauti ya Kiswahili ni wachache. It's the same people, wanazunguka humo humo.

– Na wewe umejuaje kuwa ni tatu, akauliza Yussuf taratibu, ikiwa huangalii?

Kicheko kikalipuka. Haroub akajifanya anatafuta kashata. Lakini Mzee Abdulrazak hakucheka. Aliweka kikombe chini, na baraza nzima ikajua kuwa sasa anafungua kontena.

– Ngojeni. Hapo pana jambo. Vipindi maelfu, usiku na mchana, halafu wanaosema ni watu watano? Mimi forodhani nikiona boksi dogo linatoa mzigo mwingi, nilikuwa najua lina sakafu mbili.

– Wamefungiwa hao, akadakia Yussuf. Kuna jumba, wallahi nimesikia. Wamo ndani, hawatoki. Wanapewa uji na tangawizi ya koo, basi. Soma! Soma!

– Mtu gani atasoma hivyo asichoke? akasema Simai. Hao si watu, yakhe. Hayo majini. Jini ukimpa karatasi anasoma mpaka kiama.

– Nyinyi mnauliza nani anasoma, akasema Mzee, akainama mbele na kushusha sauti. Ulizeni kwa nini ziwe nyingi hivi. Zamani maji yakikatika, wake zetu walitoka na ndoo, kelele mpaka mlangoni kwa sheha wa mtaa. Siku hizi yakikatika, nani anatoka? Kila mmoja kakaa anasubiri kujua mtoto ni wa nani. Nnakwambieni, anayeleta tamthilia na anayefunga bomba ni mtu mmoja.

– Mzee, hiyo sasa too much, akasema Haroub, ingawa moyoni alijisikia vibaya kwamba hoja ile haikumchekesha kama alivyotaka.

Ndipo dirisha likasema:

“Toka nyumbani kwangu! Wewe si mama yangu. Mama angekuwa na haya!”

Vikombe vikasita hewani. Wote watatu wakageuka kumtazama Haroub. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa, kimejaa kashata. Na sauti ilikuwa yake. Ile ile nzito, yenye mkwaruzo mwishoni, na ile namna ya kuvuta pumzi kabla ya kukasirika, ambayo mtaa mzima umeshaizowea.

– Ahaa! Simai akaruka. Kumbe umeshapata kazi!

– Na sisi tunakuombea dua kila Ijumaa! akasema Yussuf. Digrii, unakula gizani?

– Nilijua, akasema Mzee. Mtu akilalamika sana, mkague.

– Wallahi sina kazi!

– Basi ni nani huyo anayempigia kelele mama yake?

Haroub akasikiliza tena. Dirisha likacheka, na kicheko pia kilikuwa chake.

– Mwaka jana nilikwenda Dar, akasema. Kuna studio inatia sauti hizi tamthilia. Wakaniambia, majaribio. Nikasoma tangu asubuhi. Cheka. Lia. Kasirika. Bembeleza mchumba. Gombana na mama. Nikajiona nimependwa, nikasoma mpaka koo likakauka. Wakasema, we'll get back to you. Ndo basi, mpaka leo.

– Kwa hiyo wanatumia ulichosoma siku ile, akasema Simai.

– Hapana! Maneno haya mimi sijawahi kuyasema. Not one word. Wameifundisha mashine iseme kama mimi. Sasa wanipigie simu ya nini? Wanaye Haroub wao, hali, haumwi, hadai mshahara.

– Si nilisema jini? akanong'ona Simai.

Haroub alitaka kumkaripia. Alitafuta palipo na kosa, akapakosa.

– Na wale wengine, akauliza Yussuf, pengine nao wako kwenye baraza zao saa hizi, wanazisikia sauti zao?

Hapo Bi Amne akatokea kwenye kona, buibui lake lina vumbi la njia, katembea kwa miguu kutoka kwenye magorofa ya Michenzani. Mama yake Haroub hana kawaida ya kuja barazani kwa wanaume.

– Shikamoo Bi Amne, wakasema Simai na Yussuf pamoja.

– Marahaba. Haroub.

– Naam, mama.

– Majirani wananiuliza tangu juzi, ngazi nzima. Yule anayemfukuza mama yake kila siku kwenye tivii, ni wewe?

– Si mimi, mama.

– Sauti yako naijua mimi. Nimeisikia hujajua kutamka.

– Sauti ni yangu, mama. Lakini si mimi.

– Basi ni nani?

Haroub akamtazama Mzee Abdulrazak. Mzee akatazama kikombe chake. Ndani, Bi Mwatima akazima tivii.

– Nauliza tu, akasema Bi Amne, na safari hii kwa upole. Jana ulinipigia simu ukasema huji kula. Nikakaa na chakula mbele yangu, nikawa sina hakika nimezungumza na nani.

Haroub akatoa simu mfukoni. Akaitafuta namba ya studio, akabonyeza pa kurekodi, akavuta ile pumzi yake ya hasira, na Simai akamkamata mkono.

– Usiwape sauti nyengine! Andika!

Akaandika, mama yake amesimama juu yake, na alipomaliza akamsomea kabla ya kutuma:

“Nyinyi wenye studio. Mimi ni Haroub, mwana wa Bi Amne wa Michenzani. Itoeni sauti yangu kabla ya kipindi cha kesho. Mkiitaka, niiteni mimi, nije na koo langu, tuweke mkataba mezani. No more majaribio. Na yule mtu mliyemfukuzisha mama yake kwa sauti yangu, mleteni Michenzani, apande ngazi zote, asimame mbele ya Bi Amne, amtake radhi.”