Laini Iliyowakwepa Ndege

Kijiwe chenyewe ni benchi refu mbele ya duka la cherehani, likitazamana na ukumbi wa shule ng'ambo ya barabara. Wenyewe ni watatu: Wakili, fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa ajili ya mdomo wake, Volti, mtengeneza redio, na Mstaafu, ambaye hajawahi kuajiriwa. Asubuhi hiyo redio ilitangaza kwamba laini kubwa ya umeme imeidhinishwa, ila haitapita bondeni kama ilivyochorwa kwanza. Itapita nyuma ya ukumbi, na nyumba zilizopo zitavunjwa, ikiwemo ya mama mdogo wake Wakili, aliyemlea.

— Umeme wenyewe umelikataa bonde, alisema Volti. Umeme na maji haviivi chungu kimoja.

— Wapi. Zile nguzo zinakuja kunasa maongezi yetu, alisema Mstaafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nguzo haiinami.

— Hapo umesema nini sasa?

— Nimesema wanatuogopa.

— Wangetuogopa wangetuita kwenye kikao.

— Walituita, alisema Wakili taratibu.

Kikao kilikuwa kimefanyika ukumbini pale pale, na mtaa ulimchagua Wakili akaweke pingamizi. Lakini kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imemiminwa, wakakubaliana wasubiri watu wajae, maana msemaji haingii ukumbi mtupu. Aliingia dada mmoja tu, darubini shingoni, nao wakamcheka. Baadaye maofisa wakatoka na makabrasha yao, wakapanda gari.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, Mstaafu alimtetea.

Mara mama mdogo akavuka barabara. Hakuwahi kufika kijiweni. Wakamsogezea nafasi, hakukaa.

— Shikamoo, mama mdogo, alisema Wakili.

— Marahaba, baba. Natoka ofisini kwao. Wanasema bondeni ndege wanataga, kuna mtu alikuja akawasemea.

— Ndiyo, mama.

— Eti sisi watu hatukuwa na msemaji. Nikawaambia waongo, mwanangu alikuwepo. Nimebishana nao mpaka mlinzi akanitoa nje. Sasa nataka nirudi. Niambie, baba, siku ile ulisemaje?

Aibu ilimpanda Wakili mpaka masikioni, akatamani angalau mama amtukane. Volti alichungulia kikombe chake. Mstaafu alitafuta methali, akaikosa.

Mama mdogo alisimama akimsubiri, mkoba begani, ili akishaambiwa tu awahi kabla ofisi haijafungwa.