Kigingi Amtafutia Kaka Yake pa Kulala

Kijiwe cha Ras Zuwal kina kiti kimoja tu, lakini ni kiti cha basi: ile siti ndefu ya nyuma kabisa, iliyong'olewa kwenye basi lililokufa zamani na kuegemezwa ukuta wa fundi wa magurudumu. Ukiikalia, kulia una bahari, kushoto una jangwa, na mbele una barabara inayoleta gari moja kwa saa, siku ikichangamka. Asubuhi hiyo walikuwapo watatu, kama kawaida. Huwaishil, aitwaye Redio kwa kuwa hazimwi, ndiye aliyeshika dele la kahawa, maana ndiye mdogo wao: ana miaka hamsini na miwili na bado anawamiminia wakubwa. Katikati alijitandaza Bakhit, yaani Ramani. Ujanani aliwaendesha wapimaji wa ardhi kwa siku arobaini, na tangu hapo hakuna jiwe katika Oman nzima asilodai kulifahamu kwa jina. Na pembeni, macho barabarani, alikaa Khalfan, ambaye kijiweni anaitwa Kigingi, kwani akishachomekwa mahali hang'oki. Leo, hata hivyo, Kigingi alikuwa anatikisika.

— Hiyo ya ngapi? Redio aliuliza, akimmiminia.

— Ya ngapi nini?

— Finjani, bwana! Ya saba hii, na hutikisi. Mtu akitosheka hutikisa finjani, akaachwa. Ndivyo tulivyolelewa. Wewe unanyoosha mkono tu kama bomba la msikitini.

— Mwache, alisema Ramani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

— Sasa hapo nani ana njaa?

— Methali haihojiwi.

Khalfan aliinywa ya saba bila kujua kama ni kahawa au maji ya betri. Kaka yake alikuwa njiani. Musallam, mkubwa wake kwa miaka mitano, ambaye hawajaonana wala kusemezana kwa miaka tisa, alikuwa anakuja kutoka Maskati na mke, watoto na wajukuu, kupiga kambi wiki nzima. Alipiga simu juzi. Nyumba hataki. Atalala pwani, hemani mwake, na mahali achague Khalfan. "Nikifika Mahut nitakupigia, uniambie wapi," alisema, akakata. Tangu hapo Khalfan usingizi anausikia kwa jirani.

— Hebu rudia alivyosema, Redio alidai. Neno kwa neno.

— Nilimwuliza habari. Akasema hakuna habari, salama tu. Naye akaniuliza habari. Nikasema hakuna habari, salama tu.

— Baada ya miaka tisa!

— Si ndiyo adabu yetu? Unaulizwa habari, unasema hakuna.

— Wewe umetolewa figo, Kigingi! Yeye kaoza mabinti watatu!

— Ndiyo hivyo. Hakuna habari.

— Kwa hiyo hujui kama anakuja kwa heri au kwa shari.

— Ningejua ningekuwa nimekaa na nyinyi?

Kisa chenyewe kila mtu kijiweni anakijua, na asiyekijua husimuliwa na Redio apende asipende. Mwaka ule pia mchaguzi alikuwa Khalfan. Aliwapeleka ukingoni mwa Hori la Heroe, mahali pa picha ya kutundika ukutani: ndege wekundu majini, ardhi tambarare, nyeupe kama sinia. Kumbe ni uwanda wa chumvi, juu mkate, chini uji. Bahari ilipojaa alfajiri, gari jipya la Musallam, viti bado vina plastiki, lilizama mpaka madirishani. Khalfan alipoliona alicheka. Hakukusudia, kilimtoka tu, kama chafya. Gari lilivutwa na trekta la wavuvi. Kile kicheko hakuna trekta lililoweza kukivuta.

— Mimi nimeamua, Khalfan alitangaza. Mchanga Mweupe. Vilima vitamkinga upepo wa kaskazini, ufuo ni safi, watoto watateleza.

— Umechemka, alisema Redio. Kilomita ishirini na mbili! Mtu anakuja baada ya miaka tisa, wewe unampeleka ambako hata simu haishiki? Atasema, "Khalfan kanifukuza kwa adabu."

— Halafu vile vilima havikai, Ramani aliongeza. Alichovya kidole kwenye kahawa iliyomwagika, akaanza kuchora juu ya siti. Vinatembea. Nilivipima mimi mwenyewe. Usiku mmoja wa upepo, hatua arobaini. Musallam atalala Jumatano Oman, Ijumaa ataamkia Yemen, hana pasi.

— Ramani, hizo fiksi.

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani!

— Maana yake?

— Maana yake achukue pasi.

Khalfan alijishika kichwa. Mchanga Mweupe ukafutika mbele ya macho yake, vilima na vyote.

— Basi hapahapa kijijini. Ufuoni, mbele ya nyumba yangu. Chakula nitampelekea kwa miguu.

— Katikati ya mashua na papa walioanikwa? Redio alipiga paja. Wale wajukuu wa Maskati, bwana, wakivuta ile harufu mara moja watatapika mpaka Ramadhani. Na hema mlangoni pako? Atasema unamchunga kama mbuzi.

— Ukimweka mbali, kafukuzwa. Ukimweka karibu, kachungwa.

— Sasa unaanza kuelewa, alisema Ramani kwa upole wa daktari anayetoa habari mbaya.

— Pua ya Ngamia, je? Pale jabali linatoa kivuli. Na chini ni mwamba! Hata lori la maji halizami.

Redio alimtazama Ramani, Ramani akautazama mchoro wake. Khalfan alianza kutabasamu.

— Mbweha, alisema Redio.

— Mbweha wana nini?

— Wanaiba ndara. Tena wale wa Pua ya Ngamia huiba za kushoto tu. Shemeji yangu alilala pale na wenzake watano. Asubuhi miguu kumi na miwili, ndara sita, zote za kulia.

— Mbweha afanye nini na ndara ya kushoto?

— Waulize wenyewe, mimi siongei nao.

— Mbweha si tatizo, Ramani alikata. Tatizo ni jabali. Lile jabali linahifadhi maneno. Ukilisemesha leo, linakaa nayo, upepo ukigeuka linayatoa. Tukiwa na wapimaji tulimsikia mzee akimgombeza mkwewe usiku kucha, na mzee mwenyewe kafa kabla ya barabara hii kuchimbwa. Sasa wakagombane pale ndugu wawili! Mpaka vitukuu watausikia ugomvi, na hawatajua hata gari lilikuwa la aina gani.

— Lo! Redio alisahau kwamba huwa hamwamini Ramani. Basi hapana. Hapo hapana kabisa.

— Penye miti hapana wajenzi, Ramani alihitimisha. Na hapa hakuna miti, ndiyo maana wajenzi tumejaa.

Khalfan aliweka finjani chini kwa nguvu.

— Nyinyi mnacheza. Mimi wazazi sina, dada tulimzika mwaka juzi, na Musallam hakuja mazishini kwa sababu yangu. Nimebaki na ndugu mmoja. Nikikosea tena leo, hatapiga simu nyingine. Mnanielewa? Yeye ana miaka sitini na mitatu. Hakuna miaka tisa mingine.

Redio aliokota finjani, akaipangusa, akaijaza tena taratibu. Ramani alifuta mchoro wake kwa kiganja, akabaki na kiganja cha kahawia asijue akipeleke wapi.

— Kaka, alisema Redio, tunacheza kwa sababu hata sisi tunaogopa. Musallam ndiye aliyenifundisha kuogelea. Alinitupa.

— Mimi alinipigia pasi mechi ile na Duqm, alisema Ramani. Nikakosa. Hajawahi kunisema.

Wakakaa. Lakini watu wa kijiweni hawawezi kukaa na huzuni muda mrefu. Huwawasha kama sweta la mtumba. Redio ndiye aliyejikuna kwanza.

— Nimepata! Usichague. Simamisha mahema matatu, mahali patatu, yeye apite akitazama. Atakapochagua, umechagua wewe lakini kachagua yeye.

— Mahema matatu nitayatoa wapi?

— Mawili yawe ya uongo. Shuka na fimbo.

— Upuuzi, alisema Ramani. Hema liwe juu ya lori la samaki. Tunalifunga kamba imara, dereva kakaa mbele, injini inanguruma. Musallam akikunja uso tu, lori linasogea. Akikunja tena, linasogea. Kufika Ijumaa atakuwa ametembezwa pwani yote, hana pa kulaumu!

— Na barafu ndani?

— Barafu ibaki. Hasira hupoa.

— Ndugu wakigombana, alisema Redio, chukua jembe ukalime!

— Ukalime nini? Chumvi?

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma yao.

— Amani kwenu.

Walikuwa wamesahau kwamba kuna gari. Pikapu kuukuu, nyuma marobota ya majani na mbuzi wawili wenye dharau, ilikuwa imesimama kwa fundi tangu enzi za Mchanga Mweupe. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, barakoa ya kibedui usoni, mpira wa upepo mkononi, akijijazia magurudumu mwenyewe kwa sababu fundi alikuwa bado anatafuta kiatu. Alikuwa kwenye gurudumu la nne.

Waliitikia, wakaulizana habari, na habari hazikuwepo. Alijitaja: Mama Hilal, anakwenda kwa dada yake huko kusini. Redio alimpelekea finjani kwa mkono wa kulia. Ilitoka nusu, na chini ina machicha.

— Utuwie radhi, mama. Huyu bwana leo hatikisi.

— Si neno. Mama Hilal alipenyeza finjani chini ya barakoa, akanywa, akaitikisa, akairudisha. Kisha akamtazama Khalfan, akasema: Nimesikia maneno yenu, samahani, pumzi za gurudumu hazizibi masikio. Mmemtafutia kaka yako mahali saa nzima. Kuna moja sikulisikia.

— Sema, mama.

— Wewe utalala wapi?

Khalfan alifungua mdomo. Ramani akafungua wake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, alizimika.

— Kwa... kwa kawaida, Ramani alianza, mwenyeji huwa... kwake kuna feni...

Hakumaliza. Khalfan hakuwa akimsikia. Alikuwa Hori la Heroe, usiku ule wa miaka tisa iliyopita, na alikuwa akijitafuta. Musallam yupo, mke yupo, watoto wamejipanga kama samaki kwenye kikapu. Khalfan hayupo. Alishawaonyesha mahali, akasema laleni salama, akarudi nyumbani kitandani. Maji yalipoingia hemani, wenzake walikuwa gizani wakiwabeba watoto mabegani. Yeye aliwasili jua limechomoza, kanzu imepigwa pasi, miguu mikavu. Na ndipo alipocheka.

Miaka tisa alidhani tatizo ni kicheko.

Mama Hilal alifunga mlango wa pikapu, akawapungia, akaondoka na mbuzi wake. Redio aliinua dele, akalipindua. Tone moja.

Simu ikalia.

— Usipokee, Redio alinong'ona. Bado hatujaamua!

Khalfan alipokea.

— Nipo Mahut, ilisema sauti, nzito, na nyuma yake kelele za watoto. Haya. Umeniwekea wapi?

Khalfan aliitazama bahari. Akalitazama jangwa. Kisha akasema, haraka, kabla adabu haijamkamata:

— Kaka, hemani mwenu kuna nafasi ya mtu mmoja?

Ramani na Redio walikuwa wamesogeza vichwa mpaka vikagusana. Kule Mahut mtoto mmoja alimwuliza mwenzake soda iko wapi.

— Bado unakoroma? sauti iliuliza.

— Nakoroma, kaka. Siku hizi zaidi.

— Basi utalala upande wa mlangoni.

Khalfan alisimama. Alitia simu mfukoni, akavaa ndara zake na kushika njia ya nyumbani kwenda kuchukua blanketi.

— Kigingi! Ramani alimpigia kelele. Mlango wa wapi? Hujasema mahali!

Lakini Kigingi alikuwa amekwisha ng'oka.