Pampu ya Mnadani na Mkono Wangu wa Kushoto

Salaam kwenu, wa msikitini na wa kanisani. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima kasema niongee kidogo. Kidogo! Huyu hanijui.

Ndugu zangu, mkono huu wa kulia mnaouona umelala ndio uliokuwa unabeba ndoo bondeni. Dodo yetu, mchicha ule wenye majani mapana, ililiwa mpaka mtaa wa Kibagabaga. Kisha kiharusi kikanishika nikinywa chai. Hata chai yenyewe sikuimaliza, na tangawizi ilikuwa imekolea. Tuyaache.

Nilipotoka hospitali nikajifungia ndani. Mke wangu akawa anashuka bondeni peke yake, kumwagilia kwa kopo, anarudi mabega yamevimba. Nikimsikia anavua viatu mlangoni, najifanya nimelala. Nawaambia, usingizi wa uongo unachosha kuliko jembe.

Siku moja mmoja wenu akaleta habari: shamba fulani linafungwa, vyombo vyake vilivyotumika vinapigwa mnada, na iko pampu ya maji ya petroli. Mke wangu akasema, "Baba watoto, twende ukaitazame."

"Nenda wewe."

"Mimi najua pampu? Vaa shati." Vifungo akanifunga yeye.

Njia nzima nilikuwa na hofu. Akiba yetu ilitosha kununua mara moja tu. Tukibeba kitu kibovu, mabega yake yamekwisha, na shamba tunaliacha. Na pale mnadani wakasema wazi: anayeitaka aiwashe mwenyewe, asije akalalamika kesho.

Nikaishika kamba ya kuwashia. Mchuuzi mmoja wa Gitega akasema, "Mzee, utaivuta kwa meno?" Watu wakacheka. Kama si mimi niliyechekwa, ningecheka pia.

Nikavuta kwa kushoto. Pampu nzima ikanifuata, ikateleza kwenye changarawe. Nikamwambia mke wangu, "Turudi nyumbani."

Yeye akapandisha kitenge kidogo, akaweka mguu kwenye chuma cha chini, akakandamiza. "Vuta sasa."

Ikakohoa.

"Vuta, nimeishika."

Ikanguruma! Nikainama kuisikiliza kama mtu anavyosikiliza mtoto mchanga akipumua. Mlio mmoja, haukatiki. Moshi ukatoka kidogo, ukaisha. Maji yakapanda kutoka kwenye pipa la majaribio. Nikasema, "Hii tunanunua." Tangu niugue sikuwa nimeamua jambo lolote la shamba. Mke wangu akageuka kufuta macho, akasingizia moshi.

Mnada ukaanza, yule wa Gitega akapandisha bei, akapandisha tena, halafu akatutazama. "Mama, ichukueni. Mimi mguu kama huo nitautoa wapi?"

Sasa kila asubuhi yeye anakanyaga, mimi navuta. Kisha anakwenda na mpira wa maji, mimi nabaki na injini, na ananigombeza kutoka ng'ambo ya matuta: "Punguza, unang'oa mboga!" Jamani, kugombezwa ni kutamu.

Asanteni ninyi mliomshikia mke wangu zamu bondeni siku alizochoka, bila kuitwa. Asante aliyeleta habari ya mnada. Anajijua.

Nililojifunza ni hili: chombo kilichotumika usiende kukinunua peke yako. Nenda na yule mtakayekitumia naye, kiwashwe mkiwa nyote wawili. Na yuko mwenzetu hapa hajaonekana siku nyingi tangu augue, jina silitaji. Msimpelekee pole, pole zimejaa nyumbani kwake. Mpelekeeni kazi ya mkono mmoja.