Miledys Peguero Aliona Sawa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika ligi yetu ya besiboli, Miledys Peguero anavua barakoa ya uamuzi Jumapili hii, tarehe 19 Januari, hapa San Pedro de Macorís, Jamhuri ya Dominika. Ndiye mwanamke wa kwanza kusimama nyuma ya mdakaji na kuamua mechi zetu.

Alianzia chumbani mwa waamuzi, akipaka mipira tope ili isiteleze mikononi mwa warushaji. Kwa miaka minne hakupewa kazi nyingine. Siku mwamuzi mmoja alipoumwa tumbo, Miledys aliingia uwanjani na suruali ya kuazima, pindo limekunjwa mara tatu. Jukwaani mtu mmoja akapaza sauti: "We mama, rudi nyumbani, wali unaungua!" Akageuka: "Basi leta sahani, nikupe ukoko!" Uwanja mzima ukacheka, hata aliyemtania.

Fainali ya mwaka 2001 haikuwa na kicheko. Mchezaji wa timu ya mji wetu aliteleza kuelekea besi ya nyumbani, mdakaji akamgusa kwa mpira, vumbi likatimka. Angeigusa besi kwanza, ubingwa ungekuwa wetu. Miledys akainua ngumi: ametoka, hakuigusa! Chupa zikanyesha uwanjani. Kesho yake ligi ikaniuliza mimi, niliyekuwa mwamuzi wa besi ya tatu. Nikajibu kwamba vumbi lilinizuia kuona. Miledys akashushwa kuamua mechi za watoto, misimu mitatu.

Vumbi halikunizuia. Mguu wa yule mchezaji ulipita kando ya besi, upana wa kiganja. Niliwaogopa majirani zangu. Na zaidi ya hilo, nafasi ya Miledys niliitaka mimi. Aliporudi aliniuliza mara moja tu: "Mzee Polo, kweli hukuona?" Nikaendelea kufunga kamba za viatu.

Tangu hapo ameamua fainali saba. Amefundisha wasichana kumi na wawili, na watatu kati yao wataamua naye mechi hii ya mwisho.

Nina miaka themanini na tatu, na daktari haniahidi msimu mwingine. Nimeiandikia ligi ukweli, na barua yangu itasomwa kwenye kipaza sauti kabla ya mpira wa kwanza kurushwa. Naujua mji huu, watanizomea. Ni zamu yangu.

Miledys, asante kwa kazi yako. Pumzika kwa afya na furaha, na ukoko usikose sahanini.

Yule mchezaji alitoka. Niliona.

Hipólito "Polo" Santelises, mwamuzi mstaafu