Programu ya Mista Kobra

Nje ya steshenari ya Hashimu, mtaa wa pili kutoka sokoni Musoma mjini, pana benchi refu lenye miguu mitatu na tofali moja, na juu yake hukaa watu watatu wanaojua kila kitu isipokuwa kile ulichowauliza. Wa kwanza ni Abdulkadiri, ananunua mabondo, vile vifuko vya hewa vya ndani ya sangara, kwa wavuvi na kuyauza kwa Wachina, basi anaitwa Mabondo. Wa pili ni Ngusa, mstaafu wa ofisi ya kata. Hajawahi kuwa katibu wa chochote, ila kalamu haimtoki mfukoni, wakamwita Katibu. Wa tatu ni Masatu, fundi simu, anaitwa Flashi kwa sababu ukitaka wimbo, filamu, mahubiri au programu ya kompyuta, yeye anayo kwenye flashi na atakuwekea kwa soda mbili. Kahawa inapitishwa na Amini na birika lake. Amini hasemagi kitu, anamimina tu, na kwa hiyo anaheshimika kuliko wote.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Hashimu alitoka dukani akaja kukaa nao, na wote wakajua kuna jambo zito. Hashimu hakaagi benchini saa za kazi. Ni mtu wa haki mpaka anachosha watu: ukimpelekea karatasi zako akuchapie kazi, zikibaki nne, atakufuata nazo mpaka stendi.

— Imekufa, alisema.

— Nani? aliuliza Katibu, akivua kofia.

— Programu ya kuchorea kadi. Imeleta maandishi mekundu, inasema nakala hii haitambuliki. Halafu imejifunga.

Katibu alirudisha kofia kichwani.

— Zima, washa, alisema Masatu.

— Nimezima mara sita.

— Basi inamaanisha inachosema.

Hashimu hakucheka. Ndani alikuwa na kazi ya Mama Ursula wa Bukima: kadi mia moja na ishirini za sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, Gaudensia, kabla ya harusi. Gari la Bukima linaondoka saa tisa. Kesho Jumapili watu wote wa vijiji vya rasi ile ya ziwani watakuwa kanisani, ndipo kadi zigawiwe mkono kwa mkono. Jumapili ikipita, yule mama ataanza kutembea rasi nzima nyumba kwa nyumba, na sendofu ni Jumamosi ijayo. Hashimu alikuwa amemwambia kwa mdomo wake: Mama, hesabu umepata. Na maneno ya Hashimu hayajawahi kurudi chini tangu afungue duka.

— Si Debora alikuwekea nyingine? aliuliza Mabondo.

Ni kweli. Debora, aliyepanga nusu ya duka kwa kazi ya kuchapa barua na maombi ya watu, mama wa watoto wawili na asiye na muda wa kupoteza, alikuwa amepakua programu nyingine kwenye mtandao na kuiweka kwenye mashine ya Hashimu tangu wiki iliyopita. Ilikuwa pale, haijaguswa.

— Ni ya bure, alisema Hashimu kwa sauti ya chini. Nimemuuliza, wanauza? Hawauzi. Wanakodisha? Hawakodishi. Sasa wanataka nini? Hawataki kitu. Nikaona nitoke nje kwanza.

— Umefanya la maana, alisema Mabondo, akaweka kikombe chini. Sikiliza. Ziwani huko tajiri anampa mvuvi nyavu. Anampa mashine ya boti. Anampa na mafuta. Bure! Mvuvi anaenda nyumbani anacheka na mkewe. Samaki wakitoka, wa nani?

— Wa tajiri.

— Bei anapanga nani?

— Tajiri.

— Umemaliza. Utachora kadi kwa programu yao, na hizo kadi zitakuwa zao. Wewe utakuwa unavua tu.

Hilo lilimwingia Hashimu vibaya, maana baba yake mdogo alivua miaka minane kwa ajili ya wavu ambao ulishaoza mwaka wa pili. Aliwaona watengenezaji wa programu wamekaa mahali fulani, wananyamaza, wanangoja sangara.

Debora alitoa kichwa dirishani.

— Mzee Hashimu, hawa si matajiri wa nyavu! Hii wameiacha wazi mpaka ndani. Mtu yeyote anaona ilivyoundwa, anarekebisha, anampa mwenzake. Njoo basi, saa zinaenda!

— Wameiacha wazi mpaka ndani, alirudia Katibu, kama mtu anayesoma mashtaka. Unasikia? Mimi ofisini nilikuwaga na faili za siri na faili za wazi. Za siri watu waliziomba mpaka wakapigana. Za wazi zililiwa na panya. Kitu chenye maana kinafungwa.

— Aisee, alisema Hashimu.

— Na kwenye kadi kuna nini? Jina la binti. Jina la kijana. Kijiji. Tarehe. Hao watu wanakusanya. Wakishajua sendofu zote za mkoa wa Mara, wanajua ng'ombe wangapi wa mahari watatakiwa. Wakijua ng'ombe wangapi, wanapiga simu mnadani.

— Mnada gani? aliuliza Masatu.

— Wa Mugeta. Nilikuwa kule mwezi uliopita. Ndama wamepanda bila sababu.

Wote wakawaza wale ndama. Amini alimimina.

— Mimi nina wasiwasi mkubwa kuliko ng'ombe, alisema Mabondo. Programu ya bure inakaaga kimya mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Inakuzoea. Siku moja unachapa kadi, unatoa, jina la binti siyo lenyewe. Imeandika mtu mwingine.

— Nani?

— Mtu wao.

— Hapo kuna shida kubwa, alisema Katibu. Kadi ni waraka. Ikishagawiwa, huyo ndiye bibi harusi. Gaudensia atakaa nyumbani kwao na gauni lake, na kijana wa watu atasubiri mwanamke ambaye hata uso wake hakuna anayeujua.

— Na ng'ombe wameshaenda, alisema Mabondo.

— Na ng'ombe wameshaenda.

Hashimu alijipangusa uso. Saa tano na nusu. Alijua kabisa kwamba wenzake wanaongea upuuzi, hilo msimdhanie vibaya, lakini upuuzi ukiusikia wakati una hofu unakuwa na uzito wake. Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja tu: ile programu yake ya zamani ifunguke kama ilivyofunguka miaka kumi na moja, afanye kazi ya Mama Ursula, aende akaswali adhuhuri kwa amani.

— Mista Kobra hajawahi kunifanyia hivi, alisema.

— Nani?

— Mwenye ile ya zamani. Ukiiwasha inaandikaga pale chini: imesajiliwa kwa Mista Kobra. Kila asubuhi. Mimi nilishamzoea.

Na kweli alimzoea, kama mwenye nyumba ambaye hajawahi kuja kudai kodi. Hakumjua sura wala nchi, ila alimweka kwenye kundi la watu wema. Mara mbili tatu mteja alipolalamika kompyuta inachelewa, Hashimu alimtetea Mista Kobra.

— Ndiyo hiyo, alisema Katibu taratibu. Amefariki.

— Nani amefariki?

— Kobra. Fikiria mwenyewe. Miaka kumi na moja kimya, hana shida na mtu, leo ghafla nakala haitambuliki. Haitambuliki na nani? Na warithi! Mali imefungwa, mirathi inaendelea.

— Inna lillahi, alisema Mabondo, naye akaonekana ameguswa.

— Mungu amrehemu, alisema Hashimu. Alisema kwa moyo wake wote. Sasa mirathi inachukua muda gani?

— Kwa huku kwetu au kwa kwao?

— Kwao.

— Kama hakuna mke wa pili, miezi mitatu. Akiteuliwa msimamizi, unamwandikia barua, anakufungulia.

— Gari ni saa tisa, Katibu.

— Sheria haina gari.

Masatu alikohoa. Alikuwa amekohoa pia pale mwanzo jina la Kobra lilipotajwa, lakini hakuna aliyemjali.

Hapo ndipo walipogundua kwamba kuna mtu amesimama. Mama Ursula mwenyewe, mweusi tii wa jua la ziwani, kapu la dagaa mkononi na khanga begani, amefika mjini mapema na amesikia kuanzia kwenye msiba. Hashimu aliinuka haraka mpaka benchi likayumba kwenye tofali lake.

— Shikamoo, mzee Hashimu.

— Marahaba, mama. Karibu. Kadi zako...

— Nimesikia, zimefungwa. Poleni na msiba. Aliweka kapu chini. Mimi redio yangu ilipozimika niliirudisha dukani na risiti, wakanipa nyingine. Hiyo yako uliinunua kwa nani?

Lilikuwa swali la heri kabisa. Yule mama alitaka kusaidia.

— Aliniwekea Masatu huyu, alisema Hashimu.

— Basi afadhali, yupo karibu. Masatu, mwanangu, wewe uliinunua kwa nani?

— Mimi nilipewa na jamaa wa Bunda, alisema Masatu, akiangalia ndani ya kikombe kilichokwisha kahawa zamani. Naye alitoa kwa mwenzake Mwanza. Ilikuwa kwenye flashi.

— Huyo wa Mwanza ndiye alikuwa anamfahamu Kobra?

— Hakuna anayemfahamu Kobra, mama.

— Lakini si ndiye mwenye mali?

Masatu alimtazama Hashimu, akatazama pembeni.

— Kobra siyo mwenye mali, alisema. Mwenye mali alikuwa ameifunga, inauzwa ghali sana. Kobra ni yule aliyevunja kufuli. Akaandika jina lake.

Hashimu alishikwa na aibu tupu, hakujua auweke wapi uso wake. Miaka kumi na moja! Kadi za harusi, kadi za maulidi, matangazo ya misiba, kalenda ya msikiti. Na karatasi nne za watu alizokuwa akizikimbiza stendi.

Mama Ursula alikuwa bado anafikiri, kidole kidevuni, akitafuta njia.

— Na huyo mwenye mali mwenyewe, aliuliza, mlimuomba lini?

Mabondo alitazama barabara. Katibu aliitoa kalamu mfukoni, akairudisha. Masatu alisema kuna simu ya mtu ameiacha inachaji, akaondoka. Amini aliinamisha birika ili amimine, likatoka tone moja, akalisimamisha.

Hashimu aliingia ndani bila kuaga.

— Debora, hao wa bure wameruhusu?

— Nimekwambia tangu asubuhi, mzee.

— Wameruhusu wapi? Pameandikwa? Nisomee.

Debora alifungua ukurasa, akasoma Kiingereza kimoyomoyo na kutoa Kiswahili kwa mdomo: mtu yeyote atumie, kwa kazi yoyote, hata ya biashara. Akitaka anakili. Akitaka ampe mwenzake.

— Rudia hapo kwa biashara.

Alirudia. Hashimu alivuta kiti.

Vitufe vilikuwa vimehama mahali, maua yalikataa kukaa kwenye kona, na mara moja Hashimu alimtukana mtu asiyemjua kisha akamwomba Mungu msamaha. Lakini jina la Gaudensia lilitoka Gaudensia, yeye na Mama Ursula walilisoma herufi kwa herufi kwenye kadi ya kwanza, na mashine ikaendelea. Saa nane na nusu yule mama alifungasha kadi zake juu ya kapu, akawaaga wa benchini, akaenda zake kwenye gari. Alisema sendofu waje wote.

Duka likatulia. Debora aliuliza kama aifute ile ya zamani.

— Futa, alisema Hashimu. Lakini kwanza nitafutie jina la mwenyewe. Yule wa kweli.

— Ni kampuni, mzee. Ipo mbali huko.

— Kampuni ina watu. Waandikie barua, kwa Kiingereza, nikwambie maneno.

Debora alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akafungua ukurasa mweupe.

— Anza na salamu. Sema mimi ni Hashimu, nina steshenari Musoma. Sema nimetumia mali yao miaka kumi na moja. Halafu sema nilikuwa sijui.

Debora aliandika mpaka hapo, akasimamisha vidole.

— Mzee Hashimu, aliuliza kwa upole, ulikuwa hujui kweli? Kwa soda mbili?

Nje Mabondo na Katibu walikuwa wameanza tena, kwa sauti za chini, habari ya wale ndama wa Mugeta. Hashimu aliangalia yale maandishi kwenye kioo cha kompyuta.

— Futa hilo la kutojua, alisema. Acha salamu, na miaka kumi na moja. Halafu niombee radhi.